UZI: Louisa May Alcott – alilipwa ngapi, na nakala yako ya Little Women ni ya mwaka gani?

#1 KalamuYaMwanzi

Salaam wakuu.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu kila Alcott anapotajwa humu jukwaani anaishia kuwa bibi mpole wa Marekani aliyeandika Little Women, riwaya ya dada wanne. Huyo siye. Alcott alikuwa mtu wa hesabu. Alishika kalamu ili nyumbani walipe madeni, aliandika kila dola iliyoingia, na kitabu kilichomtajirisha alikiandika huku amekunja uso. Wenye ujuzi waongeze, wanaopinga waje na hoja.

Alizaliwa 29 Novemba 1832 huko Germantown, Pennsylvania, ambako leo ni sehemu ya Philadelphia. Baba yake, Bronson Alcott, alizaliwa tarehe hiyohiyo mwaka 1799. Mama ni Abigail May, nyumbani wakimwita Abba. Mabinti ni wanne: Anna (1831), Louisa, Elizabeth (1835) na May (1840).

Mzee Bronson alikuwa mwalimu mwenye fikra mbele ya wakati wake na mfuko mtupu muda wote. Mwaka 1834 alifungua Temple School pale Boston. Hakuna viboko, hakuna kukariri, mtoto anaulizwa mpaka afike kwenye jibu mwenyewe. Mambo yalikwenda vizuri hadi alipochapisha mazungumzo yake na wanafunzi kuhusu Injili. Wazazi wa Boston wakaona anavuruga dini ya watoto, wakaanza kuwatoa mmojammoja. Mwaka 1839, katika darasa dogo alilobaki nalo, akampokea mtoto mweusi, na waliokuwa wamebaki wakamtaka amwondoe. Akakataa. Shule ikafa.

Tangu hapo familia iliishi kwa misaada ya ndugu wa mama, ya rafiki yao mwandishi Ralph Waldo Emerson, na kwa kazi za wanawake wa nyumba hiyo. Walihama zaidi ya mara 20. Louisa alifundisha, alishona, na mwaka 1851 alikwenda Dedham kufanya kazi za ndani. Wiki saba, ujira dola 4. Sijakosea kuandika, ni dola nne kwa wiki zote saba.

Nyumba hiyo pia ilikuwa ya wapinga utumwa, na si kwa maneno tu. Mwaka 1847, wakiwa Concord katika nyumba waliyoiita Hillside, walimhifadhi mtumwa aliyetoroka kutoka Kusini.

#2 Shamba_Darasa

Mkuu, umeruka Fruitlands! Bila hiyo hutaelewa kwa nini Louisa aliogopa deni kama ugonjwa.

Juni 1843 Bronson na Mwingereza mmoja, Charles Lane, waliihamishia familia kwenye shamba la ekari kama 90 katika mji mdogo wa Harvard, Massachusetts. Fedha ya kununulia ilitoka kwa Lane. Shabaha ni kuishi bila kumdhulumu kiumbe yeyote. Masharti yalikuwa haya: hakuna nyama, samaki, mayai, maziwa wala siagi. Hakuna chai, kahawa wala sukari. Pamba haivaliwi kwa sababu inalimwa na watumwa, sufu haivaliwi kwa sababu ni mali ya kondoo, kwa hiyo wote ni kitani. Kuoga ni maji baridi.

Lilivunjikia wapi? Kwanza walichelewa. Ukiingia shambani Juni huko Kaskazini, msimu wa kupanda umeshakuacha. Pili, samadi waliikataa kwa imani, na ardhi yenyewe haikuwa na rutuba ya kuringia. Tatu, wanaume walipenda kusafiri kwenda kuhubiri wazo lao kuliko kushika jembe. Louisa alikuja kuisimulia hali hiyo mwaka 1873 katika Transcendental Wild Oats, kisa cha kejeli chenye majina ya kubuni: shayiri imekatwa, mvua inakuja, wanaume hawapo, na mama na watoto wanakimbia kuiokota kwa mashuka na vikapu. Nne, kitani wakati wa baridi ya New England, hapo sina la kuongeza.

Halafu Lane akaanza kusema kwamba ndoa na familia ndizo zinazokwamisha mradi. Abba akaweka mguu chini. Januari 1844 wakaondoka. Bronson aliugua kwa huzuni hadi watu wakamhofia. Louisa alikuwa na miaka 11 na aliyaona yote.

#3 KalamuYaMwanzi

Shamba_Darasa umemaliza kazi, mwalimu. Nije kwenye fedha.

1854: kitabu cha kwanza, Flower Fables, hadithi za maua na vibwengo alizokuwa akimsimulia Ellen, binti wa Emerson. Malipo: dola 32.

Miaka michache baadaye mchapishaji mkubwa wa Boston, James T. Fields, alimwambia arudi kufundisha kwa sababu kuandika hakuwezi, akamkopesha dola 40 za kuanzisha darasa la watoto. Darasa halikufika mbali. Little Women ilipopanda chati, Louisa alimrudishia Fields dola 40 zake. Nadhani ni malipo ya deni yaliyomfurahisha kuliko mengine yote.

1863: hadithi ya Pauline's Passion and Punishment ilishinda zawadi ya dola 100 katika gazeti la Frank Leslie. Ilitoka bila jina lake.

Septemba 1867: kazi mbili siku chache zikifuatana. Akapewa uhariri wa Merry's Museum, jarida la watoto, kwa dola 500 kwa mwaka. Na Thomas Niles wa kampuni ya Roberts Brothers akamwomba kitabu cha wasichana. Hilo la pili alilikalia kwa miezi.

#4 DawaNaSumu

Kabla hujafika 1868 naomba nafasi ya vita, maana mwili wake uliharibikia huko.

Desemba 1862, akiwa ametimiza miaka 30 wiki chache tu zilizopita, alijiandikisha kuwa muuguzi wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Msimamizi wa wauguzi wa kike, Dorothea Dix, hakutaka mabinti wadogo wala waliojipamba, hivyo miaka 30 ilikuwa tiketi. Alipelekwa Union Hotel Hospital, Georgetown, karibu na Washington. Jengo lilikuwa hoteli kuukuu iliyogeuzwa hospitali: unyevu, hewa nzito, vyumba vidogo vilivyojazwa vitanda. Siku chache baadaye wakaingia majeruhi wa mapigano ya Fredericksburg. Kazi yake ilikuwa kuwaosha matope na damu, kuwalisha, kufunga vidonda, kugawa dawa, na kuwaandikia barua wasioweza kushika kalamu.

Alijiandikisha kwa miezi mitatu, akafanya kama wiki sita. Akapata homa ya matumbo pamoja na nimonia. Wakamtibu kwa kalomeli, yaani kloridi ya zebaki, dawa iliyotolewa ovyo enzi hizo. Dalili za sumu ya zebaki zinajulikana: mate yanajaa, ulimi unavimba, fizi zinauma. Januari 1863 baba yake akamfuata na kumrudisha Concord akiweweseka. Nywele zake, zenye urefu wa yadi moja na nusu, zikakatwa zote kwa amri ya daktari.

Barua alizotuma nyumbani zikachapwa katika gazeti la Commonwealth la Boston, kisha zikawa kitabu, Hospital Sketches (1863). Humo muuguzi anaitwa Tribulation Periwinkle na anajicheka mwenyewe. Kwangu hapo ndipo sauti yake halisi ilipozaliwa. Yaliyotangulia yote ni mazoezi.

Maisha yake yote yaliyobaki aliumwa viungo, kichwa na tumbo, na aliamini ni zebaki. Mwaka 2007 watafiti wawili, Norbert Hirschhorn na Ian Greaves, walizipitia dalili alizoziandika mwenyewe na kupendekeza kwamba huenda ni lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Miongoni mwa hoja zao ni picha aliyochorwa Roma mwaka 1870 na George Healy, yenye wekundu mashavuni unaofanana na upele wa lupasi. Ni pendekezo, msije mkalitangaza kama hukumu.

#5 Mwanagenzi_Nguli

Swali fupi wakuu: ni kweli hakutaka kuiandika Little Women?

#6 KalamuYaMwanzi

Kweli tupu, na ushahidi ni shajara yake. Mei 1868 anaandika kwamba anajikokota tu, kazi ya namna hiyo haimpi raha, hajawahi kupenda wasichana wala kuwajua wengi isipokuwa dada zake.

Sasa kwa nini alikubali? Fedha, na baba. Bronson alikuwa na kitabu chake cha falsafa, Tablets, na Niles alionyesha wazi kwamba milango ya baba na ya binti inafunguliwa pamoja. Tablets ilitoka kwa Roberts Brothers mwaka uleule wa 1868.

Mwendo wenyewe ulikuwa hivi. Juni alipeleka sura 12. Niles akaziona zinapooza, na Louisa akakubaliana naye. Niles akampa mpwa wake wa kike asome. Mtoto akacheka, akalia, akataka zaidi. Niles alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya wanaume wa makamo. Tarehe 15 Julai mswada ukakamilika, kurasa 402. Ukachapwa mwishoni mwa Septemba, nakala 2,000, na michoro minne ya mdogo wake May. Wahakiki waliisifu hadithi na kuipiga mawe michoro, na kwa haki kabisa, maana May wakati huo alikuwa bado hajui kuchora miili ya watu. (Haki yake pia tumpe: mwaka 1877 picha yake ilikubaliwa kwenye maonyesho ya Salon ya Paris.)

Nakala 2,000 zikaisha ndani ya wiki chache. Tarehe 1 Novemba akaanza sehemu ya pili kwa kasi ya sura moja kwa siku, 1 Januari 1869 ikaenda kwa mchapishaji, 14 Aprili ikatoka.

Na hapa ndipo penye mkataba. Niles alimwekea ofa ya fedha taslimu mezani, lakini huku akimshauri asiuze hakimiliki, achukue mrabaha. Mrabaha ulikuwa asilimia 6.66, na wengi wakiisikia wanacheka. Pigeni hesabu: kitabu kikiuzwa dola 1.50, mwandishi anapata karibu senti 10 kwa kila nakala. Nakala elfu moja, karibu dola 100. Mwaka 1885 aliirudia shajara yake na kuandika pembeni kwamba alikuwa mwandishi mwenye bahati aliyepata mchapishaji mwaminifu, maana ni hakimiliki iliyomtajirisha.

#7 BintiWaUnguja

Naongeza hapo kwenye sehemu ya pili, maana ndipo panapozua ugomvi kila mwaka.

Barua zilimiminika baada ya sehemu ya kwanza, wasichana wote wakitaka kujua nani anaolewa na nani, kana kwamba maisha ya mwanamke hayana mwisho mwingine. Hayo ni malalamiko yake yeye, mie nimeyafupisha tu. Akaapa hatamwoza Jo, yule dada mwandishi, kwa Laurie, kijana wa jirani, ili kumfurahisha mtu. Mwenyewe alitaka Jo abaki mseja, mwandishi, kama yeye. Mchapishaji hakuwa tayari. Ndipo akaja Profesa Bhaer: Mjerumani, mtu mzima, nguo zimepigwa viraka, mfukoni hana kitu. Wanaomchukia Bhaer wajue kwamba Alcott alimtengeneza hivyo kwa makusudi.

Na tafadhali tuache kusoma riwaya kama wasifu. Tofauti ni nyingi:

Baba wa riwaya yuko vitani, ni kasisi wa jeshi. Bronson hakwenda vitani, aliyekwenda ni Louisa.

Jo anauza nywele kwa dola 25 ili mama apate nauli. Nywele za Louisa mmeshaambiwa zilikwendaje.

Beth anapata homa ya vipele vyekundu kwa kuuguza watoto wa maskini. Elizabeth aliipata mwaka 1856 kutoka kwa familia ambayo mama alikuwa akiihudumia, akadhoofika taratibu, akafa 14 Machi 1858. Wageni wanaotembelea Orchard House, nyumba ya familia huko Concord, wanatafuta chumba chake. Hakuna. Familia ilihamia nyumba hiyo miezi kadhaa baada ya yeye kuzikwa. Michezo ya kuigiza na mengi ya utotoni yalitokea Hillside, nyumba ya jirani, ambayo baadaye aliinunua mwandishi Nathaniel Hawthorne.

Laurie kachanganywa kutoka kwa vijana kadhaa, hasa Mpoland Ladislas Wisniewski, aliyekutana naye Vevey, Uswisi, mwaka 1865.

Meg ndiye aliyekaribia ukweli zaidi. Anna aliolewa na John Pratt Mei 1860, na riwayani mume ni John Brooke.

#8 JaladaGumu

Nimesubiri tufike kwenye matoleo. Watu wengi wanabishana juu ya kitabu kumbe wamesoma maandishi tofauti.

Kuna maandishi ya aina mbili. Ya 1868–69, kama Alcott alivyoyatoa. Na ya 1880, Roberts Brothers walipounganisha sehemu zote mbili kwenye jalada moja, na michoro mipya ya Frank T. Merrill. Kwenye hilo la 1880 lugha ilisafishwa: misemo ya mtaani ya Jo ilipunguzwa, sarufi ikanyooshwa, na wahusika wakapambwa sura. Nakala nyingi sana zilizochapwa tangu hapo zimefuata 1880.

Namna ya kupima nakala yako, dakika tano zinatosha:

Fungua sura ya 1, pale mama anapoingia mlangoni. Akiwa ni mwanamke mnene wa kimama, na maelezo yanakiri kwamba hakuwa mzuri wa sura ila mama siku zote hupendeza, hiyo ni 1868. Akiwa mrefu, mwenye mwonekano wa heshima, hiyo ni 1880.

Nenda sura ya 3, Jo anapowaeleza dada zake Laurie alivyo. Pua ndefu na urefu sawa na wa Jo: 1868. Pua nzuri na mrefu kumpita Jo: 1880.

Ukitaka uhakika wa tatu, sura ya 33, barua ya Jo kutoka New York. Bhaer mwenye pua ya kuchekesha ni wa 1869. Mwenye pua nzuri ni wa 1880. Naona mhariri alikuwa na kisa na pua.

Sasa urefu. Kitabu kamili kina sura 47. Sehemu ya kwanza inaishia sura ya 23, Meg anapochumbiwa. Kama nakala yako imeishia hapo, una nusu, na hujasoma kifo cha Beth. Uingereza sehemu ya pili iliitwa Good Wives, jina ambalo Alcott hakulichagua, na mpaka leo huko zinauzwa kama vitabu viwili. Matokeo yake mtu ananunua Good Wives akidhani ni hadithi mpya, kumbe anayo tayari ndani ya Little Women. Wengine kinyume chake: wanaruka kutoka sura ya 23 hadi Little Men, kitabu kinachofuata, na kushangaa Beth yuko wapi.

Kwa wakusanyaji wa toleo la kwanza: mgongo wa jalada la 1868 haukuandikwa "Part One", kwa sababu hapakuwa na uhakika wa sehemu ya pili. Aya ya mwisho yenyewe inasema pazia linashuka, na kama litapanda tena ni juu ya mapokezi ya wasomaji. Ukiona mgongo una maneno hayo, umeshachapwa baadaye.

#9 Mwanagenzi_Nguli

Na zile za bure mtandaoni ni zipi? Na za watoto za kurasa 80?

#10 JaladaGumu

Ile iliyosambaa zaidi kutoka Project Gutenberg ni ya 1880, mama ni mrefu na Bhaer ana pua nzuri. Ukitaka 1868 tafuta toleo la wasomi ambalo dibaji yake inasema wazi kwamba limefuata chapa ya kwanza. Dibaji isipotaja mwaka wa maandishi, chukulia ni 1880.

Za kurasa 80 ni muhtasari. Mara nyingi hukata gazeti la nyumbani la akina dada na igizo la Krismasi, na mafumbo ya The Pilgrim's Progress, kitabu cha John Bunyan, yanayoshikilia sehemu ya kwanza nayo hupotea. Kwa mtoto anayeanza kusoma si dhambi, ila asiambiwe ameshasoma Alcott.

#11 WakiliMsomi

Kuna jambo la kisheria hapa zuri mno.

Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitoa hakimiliki ya miaka 28, kisha miaka 14 ya nyongeza. Nyongeza aliomba mwandishi mwenyewe, au akishakufa, mjane au watoto wake. Si ndugu, si mpwa, si mtu aliyetajwa kwenye wosia tu. Sehemu ya kwanza ya Little Women ni 1868, kwa hiyo 28 zinaishia 1896. Louisa hakuolewa, hakuzaa, na afya ilikuwa inayumba. Angekufa kabla ya 1896 bila mtoto, kitabu kingekuwa cha kila mtu.

Alifanyaje? Mwaka 1887 alimwasili kisheria mpwa wake John Pratt, mtoto wa Anna mwenye jina la baba yake, mtu mzima wa miaka 22. Akawa John Pratt Alcott, mtoto halali, mwenye haki ya kuomba zile 14 na kuwagawia mapato wanafamilia wengine. Louisa alikufa mwaka uliofuata. Mahesabu yake yalikuwa sahihi: ilikuwa bado miaka minane kufika 1896.

Nje ya Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi. Hadi 1891 Marekani haikulinda kazi za waandishi wa kigeni, na Wamarekani nao huko Uingereza walikuwa wakidonolewa na kila mwenye mtambo wa kuchapa. Ndiyo maana jina kama Good Wives linaweza kuzaliwa bila mwenye kitabu.

#12 Usiku_wa_Manane

Mmezungumza sana habari za sebuleni, mie nije na za gizani.

Kabla ya Little Women alikuwa akiandika visa vya kisasi, afyuni, wendawazimu na wanawake wajanja. Mhariri wake Boston alikuwa James R. Elliott wa jarida la The Flag of Our Union, na jina la uandishi lilikuwa A. M. Barnard. Bora kuliko vyote ni Behind a Mask (1866). Jean Muir anaingia nyumba ya matajiri kama mwalimu wa watoto, mnyenyekevu, kijana, macho chini. Usiku anafunga mlango wa chumba chake, anavua nywele za bandia, anang'oa meno ya bandia, na tunamwona mwanamke wa miaka 30, mwigizaji aliyechoka, amekuja kutafuta mume mwenye mali. Na mwandishi hamwadhibu! Anapata alichokijia.

Siri ilikaa hadi miaka ya 1940, Leona Rostenberg alipozikuta barua za Elliott kwa Alcott katika maktaba ya Houghton, Harvard. Alichapisha makala mwaka 1943, na mwenzake Madeleine Stern akavitoa visa vyenyewe kama kitabu mwaka 1975. Riwaya nzima ya aina hiyo, A Long Fatal Love Chase, iliyokataliwa 1866, ilichapwa 1995.

Linganisheni na Jo. Riwayani Bhaer anaonyesha kuchukizwa na magazeti ya namna hiyo, na Jo anatia hadithi zake motoni. Louisa hakuachana nazo. Mwaka 1877, akiwa mama wa watoto wote wa Marekani, aliandika A Modern Mephistopheles bila jina, katika mfululizo ambao Roberts Brothers waliuita No Name.

#13 KalamuYaMwanzi

Usiku_wa_Manane, nimefurahi. Nimalizie na kidole gumba, maana watu huuliza kwa nini vitabu vya mwisho vimelegea.

Mwaka 1872 gazeti la Christian Union lilimwahidi zaidi ya dola 3,000 kwa riwaya ya mfululizo, Work. Shida: gazeti lilitaka mswada, Roberts Brothers walitaka mswada, na mchapishaji wa London naye alitaka, wote kwa wakati mmoja. Taipureta hakuna. Akapanga karatasi za kunakilia na kuandika kurasa tatu kwa mkupuo, akikandamiza kalamu kwa nguvu ili wino wa chini uonekane. Kidole gumba cha mkono wa kulia kikapooza na hakikurudi sawa. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akawa anabadilishana mikono. Kabla ya hapo aliweza kukaa kalamuni saa 14 kwa siku. Riwaya yake ya Moods aliiandika upya Februari 1861 kwa wiki tatu, halali vizuri, hali vizuri.

Ongezeni mizigo ya nyumbani. John Pratt, mume wa Anna, alikufa Novemba 1870, Louisa akiwa Ulaya. Akaketi Roma na kuandika Little Men (1871) ili Anna na wanawe wawili wapate cha kula. May alikufa Paris Desemba 1879, wiki saba baada ya kujifungua, akamwachia mtoto, Lulu, aliyefika Boston mwaka 1880. Mama alikuwa amekufa 1877. Baba akapata kiharusi 1882. Bronson alikufa 4 Machi 1888, Louisa akamfuata tarehe 6 bila kujua kwamba baba ameshatangulia. Alikuwa na miaka 55.

#14 BintiWaUnguja

Msisahau kura. Massachusetts iliwaruhusu wanawake kupiga kura za kamati za shule mwaka 1879, na Louisa alikuwa wa kwanza kujiandikisha Concord. Machi 1880 walijitokeza wanawake 20. Walipomaliza, jaji mmoja akatoa hoja kura zifungwe papo hapo, hoja ikapita, na wanaume waliokuwa wakingoja zamu yao wakakosa.

#15 Mwanagenzi_Nguli

Shukrani zenu wote. Nianze na kipi na niishie na kipi?

#16 JaladaGumu

Anza na Hospital Sketches, ni kifupi. Kisha Little Women sura zote 47, maandishi ya 1868–69 ukiyapata. Kisha Behind a Mask uone mkono wa pili. Transcendental Wild Oats ni ya jioni moja.

Kwa mtoto wa miaka kama 10, An Old-Fashioned Girl (1870) na Eight Cousins (1875) zinasomeka peke yake, hazihitaji utangulizi. Rose in Bloom inafuata Eight Cousins, usigeuze. Little Men lazima iwe kabla ya Jo's Boys.

Jo's Boys (1886) iweke mwisho kabisa. Iliandikwa kwa vipande, miaka saba, madaktari wakimpimia muda wa kukaa na kalamu, na inaonyesha. Ina sura moja kali, Jo akiwa mwandishi maarufu anayewakimbia wageni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na kwenye kurasa za mwisho Alcott anakiri kwamba anatamani kuifunga hadithi kwa tetemeko la ardhi liimeze Plumfield, shule ya Jo, yote, isibaki hata ya kuchimbuliwa.